Guu Lililovunjika Halikuwa Langu

Siku hiyo naikumbuka kwa maua yake, mwanangu. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, mwaka 2017, na barabara za Johannesburg zilikuwa zimefunikwa na maua ya jakaranda yaliyopukutika. Wageni huyapiga picha. Sisi madereva tulijua kwamba mvua ikiyalowesha, lami huwa kama imepakwa sabuni.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Utasema huo si ujana. Lakini mtu hubaki kijana katika kazi mpaka kazi yenyewe imtie adabu, na mimi nilikuwa bado sijatiwa. Nilitoka Kalemie, nikapitia Lubumbashi, nikaingia Johannesburg bila cheti chochote, mikono mitupu na maneno mengi. Aliyenipokea ni Mzee Ramadhani, Mrundi wa Buyenzi, aliyekuwa na karakana ndogo Doornfontein, chini ya jengo ambalo ghorofa zake za juu zilijaa washonaji wa Kikongo. Kutwa tulisikia vyerehani vyao juu ya vichwa vyetu kama mvua isiyokatika.

Kazi yetu haikuwa ya kawaida. Kuna watu wa nchi ile, hasa waliostaafu, ambao wana magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani. Sisi tuliyaita magari-nyumba. Mwenye gari-nyumba hapendi kulihangaisha sokoni au dukani, kwa hiyo anavuta gari dogo nyuma yake, magurudumu yote manne yakiwa barabarani na injini imezimwa. Akifika anakokwenda, analiegesha lile kubwa na kutembelea dogo. Kuyaunganisha magari hayo mawili ndiyo iliyokuwa riziki yetu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Gari dogo linalovutwa halina mtu ndani. Kubwa likisimama, dogo bado linataka kwenda, na hakuna mguu wa kulikanyagia breki. Litamsukuma aliye mbele, au litapinda upande na kutafuta njia yake. Ndiyo maana tulikuwa na kisanduku cha breki. Unakiweka sakafuni kwenye gari dogo, mbele ya kiti cha dereva, mkono wake ukishika pedali. Gari kubwa likipunguza mwendo, kisanduku kinahisi na kukanyaga. Kuna pia waya wa dharura, unafungwa kwenye mwili wa gari kubwa, ili kama magari yakiachana, lile dogo lijifunge breki lenyewe.

Kukiweka, kukipima na kukijaribu uani kulichukua dakika ishirini. Mzee Ramadhani alikuwa na sheria moja tu isiyokuwa na mlango wa nyuma: gari lisitoke likivuta jingine bila kisanduku, hata kama linakwenda roboti ya pili tu, yaani taa za barabarani, na kurudi. Alituambia hivyo mara nyingi mno, mpaka tukaacha kumsikia. Neno jema likirudiwa sana, mjinga huliona kelele.

Alasiri ile Mzee alikuwa amekwenda Fordsburg kutafuta vipuri. Mama mmoja mstaafu wa Randburg alipiga simu kuuliza kama gari-nyumba lake litafika leo, kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa na alitaka kuanza kupakia taratibu. Nilimwahidi. Hakunisukuma, mwanangu, wala sitaki umlaumu. Alisema hata kesho si vibaya. Mimi ndiye niliyetaka kusikia sauti ya mtu akinisifu.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa kusini. Nikatazama kisanduku kikiwa ndani ya mfuko wake, nikatazama anga, nikajiambia: Randburg ni karibu tu, nitakifungia huko huko kwake. Nikautupa mfuko juu ya kitanda cha gari-nyumba, nikaondoka nikivuta gari lake dogo.

Mvua ilinikuta Parktown. Kutoka pale barabara inashuka ule mlima wa mawe kuelekea bustani ya wanyama, na mtu anayeijua anajua kwamba mteremko ule hausamehe. Nilianza kushuka polepole. Hata hivyo nilihisi kitu mgongoni, kama mtu anayeweka kiganja na kukusukuma kwa upole kwenye foleni. Lilikuwa gari dogo. Nilikanyaga breki kidogo, likasukuma zaidi.

Mbele yangu teksi moja, yale mabasi madogo ya abiria, ilisimama ghafla kumchukua mama aliyenyoosha kidole kuisimamisha. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Gari-nyumba lilikokota magurudumu juu ya yale maua yaliyolowa, na lile dogo likapinda. Nililiona kwenye kioo cha pembeni likija ubavuni mwangu kama gari la mtu mwingine anayetaka kunipita. Likapanda njia ya waenda kwa miguu. Pale kwenye ukuta wa nyumba ya tajiri mmoja alikuwa amesimama mlinzi, amevaa koti la mvua, anasubiri mwenzake aje ampokee zamu.

Teksi iliondoka zake bila mkwaruzo. Mimi sikuwa na mkwaruzo. Mlinzi alibanwa ukutani.

Niliposhuka na kumfikia, alikuwa akizungumza Kiswahili cha Bukavu, akimwita mkewe. Nilimjibu kwa lugha yetu. Nadhani hilo lilimtia matumaini, akidhani Mungu amemletea ndugu. Alinishika mkono, akaniuliza kama mguu wake uko. Nikamwambia uko. Ilikuwa kweli wakati ule.

Jina lake lilikuwa Murhula. Bukavu alikuwa mwalimu wa hesabu. Johannesburg alikuwa mlinzi wa lango, kwa sababu karatasi zake za ualimu hakuna aliyezitambua. Alikuwa na mke, Furaha, aliyesuka nywele za watu, na binti wa miaka sita, Esther. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Pale barabarani nilijua koti la mvua tu, na damu.

Askari wa barabarani aliniuliza kama gari lililovutwa lilikuwa na breki. Nikasema ndiyo, lilikuwa na kisanduku, lakini kisanduku kimekataa kufanya kazi. Uongo ule ulitoka mdomoni kabla sijauita. Nikautazama ukiandikwa.

Mzee Ramadhani alifika akiwa amelowa. Alizungumza na askari, akaingia ndani ya gari-nyumba, akakaa humo kwa muda. Nilijua alichokiona kitandani: mfuko umefungwa zipu, waya umeviringishwa kama tulivyouacha wenyewe karakanani. Alitoka, akafunga mlango. Tulirudi Doornfontein ndani ya gari lake na njia nzima hakufungua mdomo. Heri angenipiga.

Kesho yake alinisubirisha mpaka amalize sala ya adhuhuri. Akaniita nyuma ya karakana, akaniambia nikae. Nilianza kuomba msamaha, nikataja mvua, nikataja teksi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kasongo, yule mtu umeshamvunja mguu mara moja. Usimvunje mara ya pili."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Umesema chombo kiliharibika. Sasa watatafuta kosa kwenye chombo, mwaka mmoja, miwili. Yeye atakuwa kitandani anangoja ukweli ulio mfukoni mwako. Nenda ukaseme."

Nikamwambia kwamba nikisema, wateja watatukimbia, karakana itakufa, na yeye ni mtu mzima. Alinitazama kwa uchovu ambao sijauona tena kwa mtu yeyote.

"Itakufa," akasema. "Mimi nilikuajiri. Sehemu yangu nitaibeba. Wewe beba yako."

Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tangu utotoni niliisikia methali hiyo nikidhani naielewa. Mimi sikusikia, mwanangu, na guu lililovunjika halikuwa langu. Hilo halimo ndani ya methali. Hilo nalisema mimi.

Nilikwenda polisi siku hiyo hiyo, nikabadilisha maelezo yangu. Kisha nikaenda hospitali na mfuko wa machungwa, kama mjinga. Mguu walikuwa wameukata asubuhi, juu ya goti. Furaha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na mtoto amelala mapajani mwake. Alidhani mimi ni mtu wa kanisani, akaniamkia kwa heshima na kunishukuru kwa kuja. Ilinibidi nimwambie mimi ni nani. Aliyachukua machungwa, akayaweka chini taratibu, akamfunika mtoto vizuri, akageukia dirishani.

Murhula alikuwa macho. Nikamweleza yote, kisanduku, mfuko, kitanda, mama wa Randburg aliyesema hata kesho si vibaya. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akieleza alivyokosea hesabu.

"Kukifunga kunachukua muda gani?" akauliza.

"Dakika ishirini."

Akayarudia maneno hayo kwa sauti ndogo, akatazama shuka pale lilipolala bapa.

Mahakama iliniondolea leseni na kunipa adhabu yangu, na sikuilalamikia. Karakana ilikufa kama nilivyotabiri, haikumaliza hata mwaka. Mzee Ramadhani, akiwa karibu miaka sabini, alikwenda kufanya kazi chini ya vijana, kwenye karakana ya watu wengine, kulala chini ya magari kwenye sakafu baridi. Nilipokutana naye alinisalimu kama zamani, akaniuliza habari za nyumbani. Hakunikumbusha kamwe. Kifua kilimchukua majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, na sikujiona nina haki ya kulishika.

Kwa Murhula niliendelea kwenda kila Jumamosi, chumba kimoja walichopanga Yeoville. Kampuni ya ulinzi haikuwa na kazi kwa mtu asiyeweza kusimama zamu nzima. Nilibeba maji, nilipanga foleni za karatasi zake, nilimshika ngazini. Siku moja nilimuuliza kama amenisamehe. Swali hilo lilinikaba muda mrefu, nikafikiri jibu lake litanipa usingizi.

"Nimekusamehe," akasema. "Mungu ananitaka nikusamehe, nami nimefanya. Lakini ndugu yangu, usije kwangu kutafuta faraja. Mimi mwenyewe sinayo."

Niliondoka nikijua kwamba amesema kweli, na kwamba nilikuwa nimekwenda kumwomba mtu aliyevunjika anibebe.

Esther alikuwa mtoto wa Johannesburg, anaongea Kizulu na Kiingereza, Kiswahili anakisikia tu. Watoto wenzake walipokimbia kwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua chipsi, yeye alikuwa amejifunza kutembea polepole, hatua moja, anangoja gongo la baba yake, hatua nyingine. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na miaka saba na anatembea kama kikongwe. Kila nikijidanganya kwamba ile ilikuwa ajali tu, namwona mtoto yule akingoja.

Mwaka 2019 walirudi Bukavu. Furaha alikuwa amechoka na nchi isiyowataka, na Murhula alisema afadhali awe kiwete kwao. Niliwasindikiza hadi stendi ya mabasi. Nilipakia mizigo yao, nikampandisha, nikamwekea gongo juu. Alinipa mkono kupitia dirishani, akanishukuru kwa mizigo. Basi likaondoka. Hatukuwasiliana tena. Namba yake haipatikani, na sijui kama yupo.

Basi, mwanangu, wewe unayenunua gari leo na kufunga tela nyuma yake, au unayeajiriwa kuvuta mali ya watu, nakuachia haya. Ujue kwamba unachokivuta kina uzito wake na kina nia yake, hakitasimama kwa sababu wewe umesimama. Kipe breki zake. Funga waya wa dharura kwenye mwili wa gari linalovuta, si kwenye chuma cha kuungia, maana chuma kikichomoka waya nao utakwenda nacho. Jaribu uani kabla hujaingia barabarani. Usipime hatari kwa urefu wa safari. Mimi sikufika hata nusu ya njia. Moyo wako ukikuambia "ni karibu tu," zima injini, shuka, uanze upya.

Na kama umeshakosa, sema siku hiyo hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeumia ni yule anayekungoja mwisho wake. Usitafute kusamehewa kabla hujabeba mzigo wa uliyemuumiza, na hata ukisamehewa, endelea kubeba.

Mungu akulinde uendapo na urudipo. Akupe masikio kabla hajakupa usukani. Akujalie mkubwa wa kukukemea, na unyenyekevu wa kumsikia angali hai. Na yeyote asimamaye kando ya njia yako, akingoja zamu yake iishe, akuone ukipita, afike kwake kwa miguu yake miwili. Amina.