Gemu Iliyomcheka Mama

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba gemu iliyotengenezwa makusudi ili imtese anayeicheza inaweza kuwa sanaa, damu inanichemka. Siyo kwamba sijui ninachokikataa. Niliiona gemu ya namna hiyo nyumbani kwetu Ilembo, na aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa mama yangu mzazi.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na mashine ya gemu ndani ya begi la nguo. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka na saluni, na alikuwa na mkono kweli. Ukimwona kinyozi aliyemchora ukutani ungedhani anakukaribisha kwenye kiti. Pembeni ya nyumba yetu alijenga banda la mbao, akaweka televisheni na jenereta, vijana wakawa wanakuja mchana kutazama mikanda ya video na kucheza gemu.

Kulikuwa na gemu ya mpira na gemu ya ndege za vita, lakini iliyojaza banda ilikuwa ya mtu mwenye mzigo. Mtu mwenyewe ni mdogo kama kidole, ana furushi kichwani, anapanda mlima. Ukimkosesha hatua moja tu, anaporomoka mpaka chini kabisa, mnaanza upya. Na aliyeitengeneza alikuwa ameweka mitego ya kishenzi. Jiwe linaloonekana imara ndilo linaloachia. Daraja zima linakatika, bovu linakuvusha. Kila mtu yule akianguka, sura yenye meno makubwa inajaza kioo na kucheka, kicheko cha kukwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Vijana wanacheka nayo. Kisha anakaa mwingine, anaporomoka naye.

Mama alikuwa anaishi Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi. Mwaka ule aliteleza mtoni akitoa mihogo aliyoiloweka, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga plasta, mume wangu akasema akae kwetu mpaka apone. Mimi nilikuwa na shamba la mahindi Misunkumilo, nilikuwa naondoka asubuhi na kumwacha kwenye mkeka kibarazani.

Siku moja nimerudi, mkeka hauna mtu. Nikasikia kelele bandani. Nilipoingia nikamkuta mama kwenye benchi la mbele, mguu umenyooshwa juu ya ndoo, pedi mkononi. Mtu wa mzigo akaporomoka. Ile sura ikatokea ikacheka, na vijana banda zima wakacheka pamoja nayo. Walikuwa wanamcheka mama yangu.

Nilichomoa waya wa televisheni ukutani. Ikazimika.

"Shemeji, kuna nini?" shemeji akaniuliza.

"Unamweka mama yangu hapa achekwe na watoto?"

"Ameomba mwenyewe. Muulize."

Mama hakusubiri kuulizwa. "Washa, mwana wanje," akaniambia kwa upole, kwa ule mchanganyiko wake wa Kirundi na Kiswahili. "Nilikuwa nimeshapita daraja."

Kesho yake alirudi, na siku zilizofuata pia. Lakini kabla ya kuanza alimwambia shemeji, "Baba, toa ile sauti. Siitaki." Shemeji akazungusha kitufe cha televisheni, sauti ikafa. Sura ilikuwa bado inatokea na kufungua mdomo, ila sasa ilikuwa inafungua bure. Vijana nao wakanyamaza taratibu. Ikawa ni jenereta tu inayonguruma nje, na mama anapanda, anaporomoka, anaanza.

Kilichoniumiza lazima nikiseme ili hasira yangu ieleweke. Mama alitoka Burundi kwa miguu akiwa na mzigo kichwani na mimi mgongoni. Kaka yangu alikuwa anatembea amemshika mkono. Kaka hakufika. Walipofika Katumba ilikuwa pori. Wakafyeka, wakapanda, nguruwe pori wakala, wakapanda tena. Nikiwa darasa la tatu bani letu la kukaushia tumbaku liliungua na mavuno yote ya mwaka, nikamwona baba amekaa kwenye majivu, na mama anatafuta jembe. Sasa yuko mtu, sijui katika nchi gani, amekaa kwenye kiti chake kizuri, hajawahi kuanza upya kitu chochote, na amefikiri kwamba kuanza upya ni mchezo. Akaongeza na meno ya kucheka.

Nilimwambia shemeji hivyo hivyo, siku moja tukiwa uani, yeye anaosha brashi zake.

"Ndiyo maana nasema ni sanaa," akajibu. "Imekugusa. Bango langu la saluni halijawahi kukukasirisha."

"Hata mtu akinikanyaga mguu nakasirika. Naye ni msanii?"

"Shemeji, nyie kanisani mnaimba nyimbo za msiba, watu wanalia mpaka wanashikwa. Mbona hamsemi wimbo mbaya? Mnasema mzuri."

"Anayeimba msiba analia na sisi. Huyu anatufanya tulie halafu anatucheka."

Akatikisa brashi. Kisha akasema kwamba labda anayechekwa siyo mchezaji, labda jamaa anajicheka mwenyewe. Nilimwambia ajicheke kwao.

Mama nilimuuliza usiku huohuo, tukiwa tunakula. Anapendea nini kitu kile?

"Yule mtu hadondoshi mzigo," akasema. "Umeona? Anaanguka huko juu kote, akifika chini furushi liko kichwani."

Mzigo wa kweli unadondoka, na yeye alikuwa analijua hilo kuliko mimi. Nilitamani kumwambia kwamba huo nao ni uongo wa aliyeitengeneza. Lakini alikuwa anatabasamu huku anamega ugali, nikaacha.

Alifika juu siku ya Jumamosi, mchana. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimeanza kwenda kumtazama, ingawa nilijiambia namlinda. Vijana walikuwa wamesimama mpaka mlangoni, wengine wametoka sokoni na mizigo yao. Hakuna aliyewahi kulivuka lile jabali la mwisho. Mama alilivuka akiwa ametoa ulimi kidogo pembeni, kama anavyofanya akitunga sindano. Juu kulikuwa na nyumba ndogo yenye mlango. Mtu wa mzigo akaingia. Yakatokea maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, hata shemeji.

Kisha sakafu ya ile nyumba ikafunguka. Mtu wa mzigo akaporomoka mlima mzima, jabali, daraja, mawe yote, mpaka pale anapoanzia. Sura ikajaa kwenye kioo, ikacheka bila sauti.

Nilitaka kuibeba ile mashine nikaitupe chooni, na nadhani ningefanya hivyo kama mama asingekuwa bado ameshika pedi.

"Umeona, mama?" shemeji akasema, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo alipotaka kutuleta."

Mama aliweka pedi juu ya benchi. "Alifika au hakufika?"

"Alifika, lakini..."

"Basi. Alifika." Akaomba gongo lake la kutembelea, akajifunga kanga vizuri, vijana wakampisha. Nikamshika mkono tukatoka. Tulipofika kibarazani akasema, "Aliyeitengeneza ana mikono mizuri. Moyo wake sijui nani aliuumiza." Hakuigusa tena. Alipofunguliwa plasta alirudi Katumba kuvuna maharage yake.

Shemeji aliendelea kunifuata na hoja yake miezi na miezi. Mara ya mwisho alinikuta jikoni, akaegemea mlango.

"Niambie kitu kimoja," akasema. "Umewahi kumwona mama amekaa na jambo lolote vile, siku baada ya siku, kwa ajili yake mwenyewe tu? Siyo shamba, siyo nyie watoto wake."

Sikuwahi. Na wimbo mzuri kuliko wote haukuwahi kumkalisha hivyo. Lakini ninajua pia kwamba alichokipenda mama alikipata baada ya kuzima sauti na kukataa mwisho aliopewa, na sioni kwa nini sifa hiyo apewe yule aliyeweka meno ya kucheka. Nilimwambia shemeji hivyo, huku nimeshika mwiko. Akafungua mdomo ajibu, nikamwambia aniondokee jikoni, moshi unatosha.