Mkorosho Ukifa, Shamba Linakufa?

"Mkorosho ukifa, shamba linakufa pia?" Shangazi yangu Somoe aliniuliza hivyo njiani pale Pande, mimi msomi wa chuo kikuu.

Siku ile haijanitoka, mwanangu, kwa kuwa tulikuwa tunatoka mahakamani tumeshinda, na wenzetu walikuwa wanapiga vigelegele.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Shangazi alihamishiwa kando ya barabara, na kule alikotoka kijiji kikamgawia mtu aitwaye Mshamu. Mshamu akajenga kibanda katikati ya mikorosho ya shangazi. Shangazi akamshitaki mahakama ya mwanzo. Korosho hazikumsumbua sana. Alitaka pale pabaki pake kwa sababu mumewe alizikwa pale.

Mimi nilikuwa likizo, na sikumwamini mtu. Nilimshuku Mshamu kwa upole wake na hakimu kwa haraka yake. Hata shangazi nilimshuku: mbona mashahidi wake wote ni ndugu?

"Shamba lako ni lipi, mama?" hakimu aliuliza.

"Ile mikorosho yangu, mheshimiwa."

Kwetu ndivyo tusemavyo. Shamba ni miti. Mtu akiuza shamba ameuza minazi. Udongo hautajwi, kama hewa isivyotajwa. Wazee wa baraza wakaitikia kwa vichwa. Hakimu akasoma hukumu: mikorosho ni ya Somoe; ardhi ni ya umma, kijiji ndicho kigawaji.

"Shangazi," nilimnong'oneza nje, "ametaja miti tu."

Jirani yetu Bi Zuhura akanisikia. "Hebu mwoneni msomi! Umepakuliwa wali, unauliza sahani ya nani?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, ndipo aliponiuliza lile swali. Nikamwambia ngoja nikasome kwanza.

"Soma upesi, mwanangu. Mikorosho haingoji wanachuo."

Sheria ni msumeno. Msimu uliofuata Bi Zuhura yuleyule alidai konde lake la muhogo alilonyang'anywa. Hakimu akamkumbusha kesi ya Somoe: mwenye miti hupewa miti. "Yako iko wapi?" Muhogo ulikwisha kung'olewa na kuliwa. Akatoka mikono mitupu, na wala hakuna aliyemtania habari za sahani.

Mshamu naye hakuwa na papara. Kila mkorosho wa shangazi uliokauka, alipanda wake palepale. Miaka ikapita, shangazi akawa anapiga hodi kwa Mshamu ili akamzuru mumewe.

Mwanangu, hukumu ikisomwa, usishangilie kabla hujauliza imenyamazia nini. Na usione kesi ya jirani haikuhusu. Kesho utahukumiwa kwa maneno yaleyale. Ukiulizwa shamba lako, usianze na miti. Anza na udongo: kutoka kichuguu kile hadi korongo lile. Hata haya yangu yashuku, uyapime mwenyewe.

Mola akujaalie pa kusimama, na ulimi wa kupataja.

Jibu la shangazi nilikuja kulipata yeye akiwa kaburini, tena si kando ya mumewe. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hii, katika kesi ya watu wa mbali tusiowajua, ilikuja kuamua kwamba ardhi aliyonayo mtu kwa mila ni mali yake, hata kama haina mti hata mmoja.