Mbinya alisimama, Fahima akabaki chini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ikiwa bado imetanda juu ya soko la Tulia, Kaunti ya Kitui, Mbinya Mulei anapanga matofali mawili kando ya uwanja wa saruji wa shule moja ya msingi. Anayapanda kwa mguu wa kushoto, anashuka. Anapanda tena. Anahesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, mpaka afike arobaini.

Kila akishuka anakunja uso. Goti lake limefungwa bendeji, na chini ya bendeji hiyo kuna kovu lenye urefu wa kidole. Akimaliza, anaokota mpira na kuutupa kikapuni. Kikapu chenyewe hakina wavu, ni chuma kitupu. Unajua mpira umeingia kwa sababu haukugonga kitu.

“Zamani nilikuwa naruka vidole vinagusa hicho chuma,” anasema. “Siku hizi nikitaka kuruka, kwanza nauliza goti kama limekubali.”

Mbinya ana umri wa miaka 34 na urefu wa futi sita na inchi mbili. Kwa miaka kumi na miwili, mpira wa vikapu ndio uliokuwa kazi yake. Ulimlisha, ulimvisha, ukampandisha ndege. Sasa anaishi kwa dada yake Nduku, mwenye duka la nafaka hapa Tulia, na usiku analala kwenye chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya ndengu na mbaazi.

Alizaliwa Mbooni, Kaunti ya Makueni, kwenye mashamba ya mteremko ambako mtu akienda kuchota maji hurudi akihema. Babake, mzee Mulei, analima mahindi na maharagwe na ana miti kadhaa ya parachichi. Alipofika darasa la saba, Mbinya alikuwa amewapita walimu wake wote kwa kimo. Alizoea kutembea ameinamisha kichwa.

Katika shule ya upili, mwalimu wa michezo alimwita kando siku ya kwanza tu.

“Hakuniuliza kama najua kucheza. Aliniuliza navaa viatu namba ngapi,” anakumbuka. “Nikamwambia sina. Muhula mzima nilicheza miguu mitupu.”

Baada ya chuo alisajiliwa na klabu moja ya Nairobi, kisha akaenda Kigali kwa mkataba wa miaka miwili. Aliporudi, klabu yake ya zamani ilimpokea na kumpa unahodha. Mshahara ulikuwa Sh35,000 kwa mwezi, na mkataba ulitiwa sahihi upya kila Mei. Mzee Mulei hajawahi kuona mechi hata moja. Kila bintiye alipokwenda nyumbani, alimuuliza swali lile lile, akimwita binti kwa Kikamba: “Na hiyo kazi, mwiitu, ni ya mpaka lini?”

Mbinya alijua tu kwamba wachezaji wenzake wa zamani walikuwa wanauza nguo, wanafundisha, wanalea. Yeye hakuwa amejifunza kitu kingine.

Msimu wake wa tatu tangu arudi, klabu ilimleta msichana wa miaka ishirini kutoka Mwingi. Aliitwa Fahima Haroun, mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi, na alicheza amejifunga hijabu ya michezo iliyoshonwa na babake mwenyewe. Kazi yake uwanjani ilikuwa kugawa mpira, na mara nyingi alimgawia Mbinya.

“Alikuwa anarusha bila hata kuniangalia,” Mbinya anasema. “Anajua tu nitakuwa hapo.”

Kambini walipewa chumba kimoja. Mbinya alimfundisha kufunga vifundo vya miguu kwa bendeji kabla ya mazoezi. Fahima alimwita kapteni hata walipokuwa wanafua nguo.

Mkosi ulianza Februari, mwaka juzi. Katika mazoezi ya jioni, Mbinya aliruka, akatua vibaya, akasikia kitu kikikatika ndani ya goti. Aliwaambia wenzake ni msuli. Siku mbili baadaye alikwenda kupigwa picha, peke yake. Daktari alimwonyesha kano iliyochanika na kumweleza bila kuzunguka: upasuaji, halafu miezi tisa bila kucheza. Akicheza, goti lingeweza kumtupa wakati wowote.

Mkataba wake ulikuwa umebakisha miezi mitatu.

“Nilikunja ile karatasi nikaiweka chini ya godoro,” anasema. “Hakuna mtu alinilazimisha. Sitaki uandike ati kocha alijua. Kocha hakujua.”

Alianza kutumia sindano za kutuliza maumivu. Alijidunga mwenyewe, chooni, nusu saa kabla ya mechi. Alicheza mechi saba hivyo. Magazeti yalimsifu kwamba nahodha amezidi kukomaa, hakimbii ovyo tena. Ukweli ni kwamba hangeweza kukimbia.

Mechi ya nane ilikuwa nusu fainali, Aprili. Zilibaki dakika nne, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja. Mpira uligonga ubao ukarudi. Mbinya aliruka kuudaka, na Fahima akasogea chini yake ili apokee pasi. Goti lilipogusa sakafu, halikushika. Mbinya alianguka na uzito wake wote juu ya mguu wa yule msichana.

“Sauti ya ule mfupa niliisikia kabla hajalia,” anasema, akiuzungusha mpira mikononi.

Fahima alitolewa kwa machela. Mbinya alikuwa amechezewa rafu alipokuwa hewani, kwa hiyo refa akampa mitupo miwili ya adhabu. Alisimama, akatupa, akafunga yote miwili. Timu ilishinda. Ukumbi ulimshangilia kwa jina. Mei alitia sahihi mkataba mpya.

Mguu wa Fahima ulikuwa umevunjika mahali pawili, na kifundo kilikuwa kimesagika. Alifanyiwa upasuaji mara tatu. Kila mtu alisema ni ajali ya mchezo, na Mbinya hakusema kitu. Kwa miezi minane alicheza dakika chache chache, akapokea mshahara, akapiga simu Mwingi kila Jumapili kumuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Desemba aliambiwa kwamba daktari amekata kauli: Fahima atatembea, lakini hatakimbia tena. Kesho yake Mbinya alichukua ile karatasi na kusafiri hadi Mwingi.

Haroun, babake Fahima, alimkaribisha sebuleni kwa heshima, kama anavyokaribishwa mgeni wa mbali. Chai ikaletwa, na mahamri. Fahima alikuwa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto. Mbinya aliifungua karatasi, akaiweka mbele yao, akaeleza yote: picha, godoro, sindano.

Alitarajia msichana alie au amtukane. Fahima hakufanya lolote kati ya hayo.

“Nilikuwa najua, kapteni,” alisema.

Alikuwa amemwona. Mechi ya tatu ya zile saba, Fahima aliingia chooni akaona mlango haukufungwa vizuri, akamkuta nahodha wake ameuma kitambaa, sindano iko gotini. Alirudi nyuma taratibu, hakumwambia mtu.

“Nilifikiri hivyo ndivyo wakubwa wanacheza,” Fahima anamweleza mwandishi kwa simu kutoka Mwingi. “Nikajiambia siku moja na mimi nitakuwa mgumu kama yeye. Sasa najiuliza, kama ningesema siku ile? Hilo ndilo linanikosesha raha, kuliko hata mguu.”

Mbinya anasema maneno hayo yalimwumiza kuliko matusi. Alikuja kuungama kosa lake, akagundua kwamba alikuwa amempa mtoto wa watu nusu ya mzigo aubebe.

Haroun alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimtazama Mbinya na kuongea kwa upole.

“Chai umemaliza, binti?”

“Nimemaliza, mzee.”

“Basi nenda salama. Na simu za Jumapili, usipige tena.”

Mbinya aliondoka bila kugusa mahamri. Wiki iliyofuata alikwenda kwa kocha wake, Jonah, na kumweleza kila kitu. Jonah anakumbuka kwamba alikasirika mpaka akatoka nje ya ofisi.

“Alikuwa nahodha wangu,” Jonah anasema. “Angeniambia, ningemkalisha benchi na ningemtetea. Lakini nitakuambia ukweli, klabu isingempa mkataba mpya. Alijua hivyo, na mimi najua hivyo. Ndiyo maana hata hasira yangu sijui niiweke wapi.”

Klabu ilimwachisha kazi Januari, mwaka jana, kwa barua ya mistari miwili. Mwezi wa Machi mzee Mulei aliuza ng'ombe wawili, na goti la bintiye likapasuliwa. Mbinya anasema babake hakumwuliza lile swali lake la siku zote. Alimletea tu maparachichi hospitalini, akayamenya, akakaa.

Miezi kumi imepita. Asubuhi anafanya mazoezi, mchana anamsaidia Nduku kupepeta ndengu dukani. Wateja wengine wanamtambua. Mmoja alimwambia anakumbuka ile mitupo miwili ya nusu fainali, kwamba ilikuwa ya ujasiri. Mbinya alimpimia kilo zake mbili na kuingia chumba cha nyuma.

“Huwa halali,” Nduku anasema. “Namsikia akigeuka juu ya magunia. Nikimwambia wachana na mpira, tafuta kitu kingine, anachukua ungo, anaendelea kupepeta.”

Kuna timu moja ndogo ya Machakos imemwita mwezi ujao, wamwangalie. Haina mshahara wa maana. Watampa nauli na chakula, na pesa kidogo wakishinda. Kwa umri wake na goti lake, anajua wanaweza kumtazama dakika kumi na kumwambia asante. Tayari amempigia kocha wao akamsomea ripoti ya daktari neno kwa neno, mpaka kocha akamwambia inatosha, amesikia.

Fahima, kwa upande wake, amejiandikisha kusomea kazi ya urefa wa mezani, ya kuandika pointi na kushika saa, ambayo haihitaji kukimbia. Babake hajakubali bado. Kwa Mbinya, Fahima hana ujumbe wowote. “Simchukii,” anasema. “Lakini sitaki kumwona akicheza. Labda baadaye. Sijui.”

Kule Tulia jua limeshatoka, na wanafunzi wa kwanza wanaingia langoni na mikoba yao ya vitabu. Mbinya anasogea pembeni kuwapisha uwanja. Tunamuuliza kwa nini asiache tu, baada ya yote hayo.

“Sitafuti kombe. Hata hao watu wa kushangilia sitaki. Nataka nicheze mechi moja, moja tu, ambayo nikianguka, kila mtu pale uwanjani anajua ni kwa nini nimeanguka.”