Joto la Huko Juu

Debra Ajwang anafundisha fizikia Bondo. Anachunguza mawimbi makubwa ya hewa yanayoanzia kwenye milima ya kaskazini mwa dunia. Majira ya baridi mawimbi hayo hupanda kupita mawingu, yakizidi kukua kadiri hewa inavyopungua, mpaka yavunjike na kuipasha joto anga ya kule.

Januari alimpigia simu mama yake, Adero, anayeanika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni Kisumu. "Mama, yamevunjika! Huko juu joto limepanda ghafla!"

Adero akawatangazia wenzake kwamba jua kali linakuja, wakaanika omena yote. Mvua ikainyeshea mpaka ikaoza.

Jumapili kanisani, Debra akiwa kando yake, Adero alifumba macho akaomba kwa sauti: "Baba, mpatie mtoto wangu kazi ya hapa chini."

Debra akaitikia amina pamoja na wengine.