Gari Jekundu Juu ya Mawe

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi nilikuwa dereva wa lori la baba yangu pale Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Lori lile tuliliacha lipate kutu makusudi, maana gari zuri halikukaa wiki bila kuchukuliwa na askari. Ukibisha, unachukuliwa nalo.

Siku moja mzee mmoja wa kijiji cha Dabani aliniita nikaone gari analouza. Lilikuwa jekundu, dogo, la viti viwili, gari la kukimbiza kwa raha tu. Alilificha kwenye banda la pamba, juu ya mawe, kama wengi walivyofanya, kwa sababu askari hana haja na gari lisilo na magurudumu. Magurudumu yenyewe aliyapeleka kwa wakwe zake, Busia ya Kenya. Yalivuka mpaka moja moja kwa baiskeli, yamefichwa chini ya mihogo.

Nikaingia, nikashika usukani, nikakanyaga klachi. Kichwani nilishaiacha Tororo, naipita Malaba mpakani kwa kasi. Kisha nikauona ukuta wa banda mbele ya kioo, hasira ikanikaba. Kijana mzima, gari hili hapa, na barabara yote vizuizi vya askari!

Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo.

"Usiwashe, mwanangu," mzee alininong'oneza. "Mlio wake unafika barabarani."

Nikamwambia nitalinunua. Alishangaa, akauliza aniletee magurudumu lini.

"Yaache huko huko, mzee," nikamjibu. "Angalau yenyewe yamevuka."