Stelingi wa Kijapani

Nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, hata leo kifua hunijaa fahari. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi, likizo ya Agosti. Mjomba Wafula, mwenye banda la video kwetu Kitale, alipeleka televisheni na jenereta Kabuchai kwa babu yetu, Kuka. Majirani wakajazana sebuleni mchana kweupe, mapazia yamefungwa. Kazi ya mjomba ilikuwa kututafsiria filamu kwa maikrofoni, lakini siku hiyo mafua yalimkausha sauti. Filamu ile ya zamani ya vita nilikuwa nimeiona mara sita. Nikanyakua maikrofoni.

Kuka alipigana na Wajapani kule Burma. Kila mvua iliponyesha alitusimulia matope na ruba walioingia hadi ndani ya viatu. Kuhusu Wajapani alisema neno moja tu: "Wanyama." Nasi hatukuthubutu kuuliza zaidi.

"Stelingi ni nani?" watu wakauliza, maana bila kumjua stelingi hujui wa kumshangilia.

"Ni huyu Mjapani," nikasema.

"Ati Mjapani? Si huyo ni adui, bana!"

Kuka akashika fimbo, akainuka. Akitoka yeye, wote wangetoka, na mimi nilitaka sana anisikie. Kwenye skrini askari yule alikuwa amejikunyata peke yake mvuani, na maneno yote ya mjomba yalikuwa yamenitoka kichwani. Nikabuni.

"Mayi," nikamfanya amwite mama yake kwa Kibukusu, "mvua ya huku haikatiki. Ruba wameingia kwa viatu. Nataka kurudi nyumbani."

Kuka aliganda pale pale. Hakuketi mpaka askari yule alipokufa, ndipo akaniambia, sauti ikikwaruza, "Rudisha nyuma, mama. Huyo stelingi nataka kumwona tena."

Nyumba nzima ilinipigia makofi. Mjomba alinibeba mabegani hadi uani.

Kwa miaka nilijisifu kwamba nilimpiga Kuka chenga, akaamini ni Mjapani aliyesema hayo. Halafu mwaka jana, yeye akiwa ameshatutoka, niliipata filamu ile nikaitazama tena. Ilipofika pale mvuani nilicheka huku nikilia. Midomo ya yule Mjapani haifunguki hata mara moja.

Kuka alisimama hatua mbili kutoka kwenye skrini, na macho yake yalikuwa mazima. Aliuona mdomo umefumbwa, akajua maneno yale ni ya nani, na bado akaomba nirudishe.