Pichi Tuliyoisiriba kwa Ajili ya Wageni

Mwaka jana nilipokwenda Kyela kumsalimia kaka yangu, alinipitisha kwa miguu pale palipokuwa na kiwanja cha shule yetu, upande wa Talatala. Siku hizi ni shamba la kakao. Miti imefungamana hivi kwamba saa sita mchana unatembea gizani, na harufu ya kakao inayovundikwa chini ya majani ya migomba inakufuata mpaka barabarani. Kaka alisimama mahali fulani, akakanyagakanyaga udongo kwa kisigino, akasema, "Pichi ilikuwa hapa." Nikamwambia sikumbuki. Nilikumbuka, rafiki yangu. Ningeweza kukuonyesha mipaka yake nikiwa nimefumba macho.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kujaa sabuni za manukato na redio za kaseti, na malori ya wanunuzi wa mpunga, watu tusiowajua, yakawa yanaingia mpaka vijijini. Katika ujio huo akaja mwenye duka mmoja kutoka Tanga, mtu mpole wa kofia ya kushonwa kwa mkono. Ujanani alicheza kriketi, na ugonjwa huo haukuwa umemtoka. Alikuja na mbao mbili za kupigia na mipira myekundu migumu, akamwomba mwalimu mkuu kipande cha kiwanja. Sisi watoto tulimcheka sana. Mtu mzima na akili zake, anamwagilia udongo asioupanda kitu!

Kumbe udongo ndio mchezo wenyewe. Katika kriketi mrushaji huurusha mpira udunde chini kwanza, ndipo umfikie mpigaji, na hapo unapodundia ndipo panapoamua nani atacheka. Mwenye duka alichimba ukanda wa hatua ishirini na mbili, ndio pichi yenyewe, akaujaza udongo wa kichuguu, akauloanisha, kisha akawafunga kamba wavulana wanne walivute juu yake pipa lililojaa mawe. Mpaka leo nikisikia pipa likiviringishwa, nafunga dirisha.

"Udongo ndio unaogawa chakula, wanangu," alituambia. Ukiwa mgumu na sawasawa, mpira hudunda vilevile kila mara, na mpigaji anashiba. Ukiwa na unyevu au nyufa, mpira hukata kona au hubaki chini, na mrushaji ndiye anayeshiba. Yeye alitaka wote washibe. Ndiyo maana siku za mwisho kabla ya mechi aliacha kumwagilia, na nyufa nyembamba zilipoanza kutokea, hakuziziba. Asubuhi pichi ingempa mpigaji, na mchana, jua likishaipasua, ingempa mrushaji.

Mpigaji wetu bora alikuwa kaka yangu. Alikuwa amemaliza la saba na jina lake halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Mwenye duka alimfahamu mwalimu wa shule moja mpya ya binafsi huko Mbeya, shule yenye timu, na mwalimu huyo alikubali kuja na vijana wake kumtazama. Akipiga vizuri, wangemchukua. Bibi, aliyetulea, alilisikia hilo asubuhi. Jioni yake alichemsha ndizi na mbasa mkubwa, na kichwa cha samaki akampa kaka.

Alhamisi mwenye duka alipanda basi kwenda Mbeya kuwaleta wageni, mechi ikiwa Jumamosi. Kabla ya kuondoka alituambia, "Hapa pasiguswe." Mchana huohuo bibi akapita kiwanjani akitoka shambani. Akaziona nyufa. Lazima uelewe kwetu kulivyokuwa: mgeni hakanyagi sakafu iliyopasuka. Akisikika anakuja, nyumba inasiribwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na mwanamke asiyefanya hivyo anasemwa hadi kijiji cha Busale.

"Watu wa Mbeya waje wakanyage hapa?" akaniuliza. "Na mjukuu wangu asimame hapa?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona naelewa pichi kuliko yeye. Nikamweleza somo la mwenye duka, kwamba pakiwa laini anayeshiba ni mpigaji. Mpigaji ni kaka. Bibi akafunga kanga kiunoni. Tukasiriba mpaka jioni, mimi nikileta maji na yeye akitandaza kwa kiganja, kisha akalainisha kwa jiwe lake. Upepo wa ziwani ulikuwa umekatika kabisa, na wadudu wadogo wa ziwa walikuwa wamesimama angani kama moshi wa nyumba inayoungua mbali. Pichi ilipendeza. Ndaga fijo, yaani asante sana, bibi aliniambia, nami nikajisikia mtu mzima.

Jambo ambalo hatukulijua ni hili: sakafu ya nyumba hukanyagwa kwa miguu, haipigwi kwa mpira mgumu. Udongo wetu mpya haukushikana na ule wa chini ulioshindiliwa na pipa. Ulikauka juu yake kama ukoko wa wali ulioachana na sufuria.

Jumamosi mwenye duka alishuka na wageni, akaitazama pichi, akasimama. Akachuchumaa, akagonga kwa kifundo cha kidole. Nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya udongo, tupu, kama ya mtungi usio na maji. "Nani kagusa hapa?" Mwalimu mkuu akasema labda watoto wamefagia. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Wageni walikuwa wameshakaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, wazee wamevaa makoti. Mwenye duka akainuka taratibu, akasema tuanze.

Mipira ya kwanza ilidunda vizuri na kaka aliipiga mbali, watu wakapiga vigelegele. Kisha nikaona kipande, ukubwa wa sahani, kimenyanyuka ukingo. Nilikiona mimi. Ningeweza kupiga kelele, nikasema moyoni, mpira mmoja tu, ataupiga. Mrushaji wa Mbeya akaja mbio. Mpira ukagusa ule ukingo, ukaruka ghafla, na kaka hakupata hata muda wa kugeuza uso.

Jicho la kushoto halikupona. Wale wa Mbeya waliondoka jioni ileile na hatukuwasikia tena.

Kaka aliporudishwa kutoka hospitali, mwenye duka alikuja nyumbani. Nilikuwa namnawisha mikono kwa ajili ya chakula, naye hakukiangalia chakula. "Bibi," alisema, "kosa ni langu. Niligonga nikasikia pako tupu. Nikaona aibu mbele ya wageni, nikanyamaza. Mtoto wako amepofuka jicho kwa aibu yangu." Maji yaliendelea kumwagika, maana sikukumbuka kuinua birika. Bibi alitazama mlangoni, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Mzee yule akalia kama mtoto. Bibi hakunitazama, siku ile wala siku nyingine yoyote tuliyozungumza habari hiyo, na nyumba yake hakuisiriba tena mpaka anakufa.

Mwenye duka alifunga duka kabla ya masika, akarudi kwao. Hakuna mtoto Kyela leo anayejua mchezo ule uliwahi kuchezwa huko. Mbao na mipira vimepotea, bibi hayupo, na mzee wa Tanga naye tulisikia amefariki. Tumebaki wawili tunaokumbuka, na mmoja wetu anakumbuka nusu, ile aliyoambiwa.

Kaka hana kinyongo. Jioni ile ya mwaka jana, tukimenya ndizi barazani kwake, alisema jambo ambalo husema kila tukikutana: "Yule mzee alikuwa mtu mwema. Angesema tu neno moja asubuhi ile."

"Ndiyo, kaka," nikamjibu, kama ninavyomjibu siku zote. "Angesema tu."